Bunduki inayokataa alfajiri na kukubali mchana

Swali

"Assalamu alaykum Mzee Fundi. Mimi ni mkulima, nipo Konde, Pemba. Nina bunduki ya bolti ya risasi za .30-06, BRNO ya zamani, iliyotengenezwa Chekoslovakia. Nimeachiwa na marehemu ami yangu, na leseni sasa iko kwa jina langu. Naitumia kulindia mpunga na muhogo, nguruwe wametuzidi. Tangu mwezi wa sita kifyatulio siwezi kukiamini. Alfajiri nikifunga bolti, mara nyengine kinakuwa kimelegea tu, kama hakikushika kitu. Nikifungua na kufunga tena kinashika. Mchana nikiijaribu nyumbani haina ila yoyote. Juzi nikiwa kwenye dungu nilitoa usalama, bunduki ikalia yenyewe, na kifyatulio sikukigusa. Risasi iliingia ardhini. Bunduki naitunza, kila wiki naitia mafuta. Kuna fundi wa pikipiki hapa ananambia springi imechoka, anataka kukata nyengine aiweke. Nifanye nini?"

Jibu

Waalaykumu ssalaam mwanangu. Kabla ya lolote: bunduki hiyo isitiwe risasi tena, hata moja, mpaka ipite yote nitakayokueleza hapa. Nguruwe wakija wiki hii wapigieni madebe, washeni moto, laleni kondeni watu watatu na tochi. Muhogo ukiliwa utapandwa mwengine. Nimelisoma swali lako mara tatu, na kila nikifika pale "ikalia yenyewe" nashtuka upya, kwa sababu najua kilichokuokoa ni kimoja tu: mtutu ulikuwa umeelekea udongoni. Kwenye dungu watu hupanda na kushuka, mtoto huleta chai. Hiyo tabia ya kuelekeza mtutu chini, sijui nani alikufunza, lakini muombee dua.

Na huyo fundi wa pikipiki mshukuru kwa nia yake, kisha mwambie hapana. Nitarudi kwake.

Sasa tuje kwenye maradhi. Umenipa dalili tatu, na sidhani kama ulijua thamani yake. Ya kwanza, alfajiri inakataa na mchana inakubali. Ya pili, imeanza mwezi wa sita. Ya tatu, imelia usalama ulipotolewa. Springi iliyochoka haijui saa. Chuma kilicholika hakijui kama ni kipupwe au kaskazi. Kitu kinachobadilika baina ya alfajiri na mchana ni ubaridi na unyevu, na ndani ya bunduki kinachofuata ubaridi ni mafuta, kinachofuata unyevu ni mti wa kitako. Nitakwambia ninayemshuku kwanza ni nani, lakini lazima uone kazi inavyofanyika humo ndani, maana ukishaona utaweza kuitazama bunduki yako mwenyewe na usihitaji kumuamini mtu kwa maneno matupu.

Ndani ya bolti, kile chuma unachokivuta na kukisukuma kwa mkono kufungia bunduki, mna sindano, ile pini ndefu inayokwenda kugonga fataki kwenye kitako cha risasi. Sindano ina springi nene, kali, inayotaka kuirusha mbele muda wote. Kwenye bunduki kama yako, ukinyanyua mpini kufungua bolti springi hiyo hubanwa na sindano hurudishwa nyuma. Bolti inaposukumwa mbele na kufungwa, mkia wa sindano hukutana na kipande kidogo cha chuma kilichochomoza kutoka chini. Mimi nakiita jino. Jino linaushika mkia, springi inabaki imebanwa, na hapo bunduki imekokiwa. Jino lenyewe halisimami kwa nguvu zake. Limeegemea ncha ya kifyatulio, na pale yanapokutana makali haya mawili, kwenye bunduki nyingi za kuwindia, upana wa kushikana ni kiasi cha nusu milimita. Tazama ukucha wa kidole chako gumba kwa ubavuni. Ni unene huo. Ukali wote wa ile springi nene unazuiwa na ukucha wa chuma.

Ukivuta kifyatulio, ncha inatoka chini ya jino, jino linashuka, mkia unaachiwa, bunduki inalia. Kisha, na hapa ndipo penye kisa chako, jino na kifyatulio lazima virudi mahala pao upesi kabla mkia haujafika tena unapofunga bolti. Kinachovirudisha ni vispringi viwili vidogo, dhaifu kwa makusudi, kwa sababu vingekuwa vikali kifyatulio kingekuwa kizito kama kuvuta nanga. Springi hizo zina nguvu ya kunyanyua chuma kisafi. Hazina nguvu ya kunyanyua chuma kilichoko ndani ya gundi.

Umesema unaitia mafuta kila wiki. Hukusema mafuta gani, na hilo ndilo swali langu la kwanza kwako. Nimeona bunduki za kisiwani kwetu zikipakwa mafuta ya nazi, kwa sababu yapo nyumbani na chuma kinang'ara. Kwa mlango wa mbao hayana neno. Ndani ya kifyatulio ni balaa. Mafuta ya nazi huganda yakifika kama nyuzi 24. Wewe mwenyewe unaijua ile chupa ya mama, kipupwe kikiingia asubuhi lazima iwekwe juani ndipo yamwagike. Basi kinachotokea ndani ya chupa ndicho kinachotokea chini ya jino. Bunduki imelala usiku kucha kondeni kwenye umande, alfajiri mafuta yamekuwa samli. Ukifunga bolti, jino limechelewa, mkia umepita juu yake, sindano imeteremka pamoja na bolti. Ndiyo maana unakuta kifyatulio kimelegea: hakuna kilichokokiwa. Ukifungua na kufunga mara ya pili, umeshalitikisa, linapanda. Jua likitoka, samli inakuwa mafuta tena, na bunduki inaonekana nzima.

Kama si ya nazi, kuna mengine mawili ninayoyashuku. Mafuta ya cherehani ni mepesi na kwa tone moja hayadhuru, ila mtu akitia kila wiki bila kuosha yanakusanya vumbi, makapi ya mpunga na unga wa baruti, kisha yanakuwa tope. La pili ni yale ya kupuliza, ya kulegezea nati zilizoshika kutu. Hayo yananukia kama kazi imekwisha, lakini yakikauka huacha ngozi ya rangi ya asali, na kila ukipuliza unaongeza ngozi juu ya ngozi.

Nilifanya kazi miaka mingi Arusha, kwenye karakana iliyokuwa ikitengeneza bunduki za wawindaji. Siku moja mwezi wa saba aliletwa mzee mmoja na bunduki yake, kisa chake kama chako nukta kwa nukta, ila yeye ilimlilia akifunga bolti. Ilikuwa baridi ya kule, ya kuvaa makoti mawili. Nikaitoa kwenye mti wake, nikakivua kifyatulio, nikakiweka juu ya karatasi nyeupe dirishani. Kwa macho kilikuwa kizuri kabisa, hata kutu hakina. Nikakibonyeza jino kwa ncha ya kijiti, likashuka. Nikaachia. Likakaa chini. Nikahesabu: moja, mbili, tatu, nne, ndipo likaanza kupanda taratibu kama mtu anayeamka na homa. Nililiosha kwa petroli ya kujazia viberiti, maji yaliyotoka yalikuwa ya rangi ya chai ya rangi. Mara ya pili yakatoka rangi ya majani makavu. Mara ya nne yakatoka meupe, nikalibonyeza jino, likaruka juu likasema "tik". Hakuna kilichobadilishwa. Wala springi.

Hiyo "tik" ndiyo unayoitafuta wewe.

Sasa ile dalili yako ya tatu, inayonitisha. Kwa nini ilie ukitoa usalama? Kwenye bunduki nyingi za bolti, wenzo wa usalama kazi yake ni kulishikilia jino au kukifunga kifyatulio. Zipo zinazoishika sindano yenyewe, na hizo ni salama zaidi, lakini si zote. Chukua ya aina ya kwanza. Umefunga bolti, jino limepanda, lakini ncha ya kifyatulio, kwa sababu ya ile samli, imerudi chini yake nusu tu, imeshika kwa unywele. Ukaweka usalama. Sasa kinachoizuia sindano ni usalama peke yake. Bunduki inaonekana imetulia, mtu anaibeba, anapanda nayo dungu. Siku akiutoa usalama, huo usalama ndio unakuwa kifyatulio. Kwa hiyo usije ukasema "siku ile ilinikosea". Haikukosea. Ilikuwa tayari kulia tangu ulipofunga bolti, na wewe ulitembea nayo.

Baada ya hayo, tuijaribu. Risasi zote ziwe chumba chengine, mlango umefungwa, na watoto wako nje. Hakikisha magazini, kile kisanduku cha risasi, ni tupu, fungua bolti, tazama ndani ya chemba, pale risasi inapokaa, kisha tia kidole. Jicho hudanganyika kwenye giza la chemba, kidole hakidanganyiki. Mtutu uelekee kwenye gunia la mchanga, si ukuta wa udongo wala wa matofali. Na jaribio lenyewe ulifanye saa ile ile inayokataa, yaani alfajiri, bunduki imelala mahala pa baridi. Ukiijaribu saa sita mchana utakuwa unamuuliza mgonjwa hali akiwa hana homa.

Funga bolti kwa nguvu na upesi, mara ishirini, bila kugusa kifyatulio. Kila mara tazama nyuma ya bolti: mkia wa sindano ukiwa umekokiwa huonekana umejitokeza, ukiwa umeteremka hauonekani au huwa umezama. Ukiteremka hata mara moja katika ishirini, bunduki imefeli. Halafu ikoki, weka usalama, kivute kifyatulio kwa nguvu kama umekisahau, kiachie, ondoa kidole kabisa, kisha toa usalama. Isilie "tak". Rudia mara kumi. Baada ya hapo ikoki tena, usalama ukiwa umetolewa, na uipigishe kitako juu ya tairi kuukuu au ndara nene, kwa nguvu ya mtu anayeteleza kwenye tope. Sindano isianguke. Jaribio hili la mwisho watu hulipuuza, lakini wewe unapanda dungu kwa ngazi ya miti iliyolowa, hivyo kwako ndilo la kwanza.

Andika kila kitu kwenye karatasi. Fundi yeyote mwenye akili atakayeipokea bunduki hiyo atafurahi kuliko ukimwambia "haiko sawa".

Kuosha ni kazi unayoiweza, madhali hukifungui kifyatulio chenyewe. Bunduki itoke kwenye mti wake: ni skrubu mbili au tatu za chini, na uziweke kwa mpangilio zilivyotoka, kwa sababu aghalabu hazilingani urefu. Skrubu ndefu ikitiwa pahala pa fupi inaweza kufika kwenye bolti au kukigusa kifyatulio, na utakuwa umejiundia maradhi mapya. Kazi ifanyike nje, kwenye upepo, hakuna jiko wala sigara. Petroli ya viberiti ndiyo bora, kwani inakauka na haiachi kitu. Dawa ya kupuliza ya kusafishia breki, inayouzwa maduka ya spea za gari, inafaa pia, ila inachubua vanishi na kula baadhi ya plastiki, kwa hiyo mti uwe mbali. Mafuta ya taa yanalegeza uchafu sugu, lakini yanaacha utando, lazima uoshe tena kwa kitu kinachokauka. Petroli ya gari usitumie, inawaka kabla hujajua.

Mimina au pulizia kwenye nafasi za kifyatulio juu na chini, huku unabonyeza jino na kukivuta kifyatulio, ikoki na iachie, ili uchafu usukumwe na vyuma vyenyewe. Mswaki wa zamani kwa nje. Chini weka sahani nyeupe uone rangi ya maji. Rudia mpaka yatoke meupe, kisha kausha kwa pampu ya baiskeli. Wenye kompresa ya kujazia tairi wasiikaribishe sana, inarusha vispringi.

Na baada ya kuosha, mafuta? Hapa ndipo ninapogombana na watu. Ndani ya kifyatulio kikavu ni bora kuliko kilicholowa. Najua tuko Pemba, chumvi ya bahari inafika hadi kwenye mikarafuu, na chuma kitupu kinashika kutu kwa wiki moja ya kusi. Basi chovya ncha ya sindano ya kushonea kwenye mafuta mepesi ya bunduki, yale ya kweli, ugusishe kwenye vile vipini ambavyo jino na kifyatulio vinazungukia. Kinachobaki kwenye ncha futia. Makali mawili yanayoshikana usiyapake kitu. Nje ya bunduki paka unavyotaka, kwa kitambaa, si kwa kumimina. Watu wengi wanaimiminia mafuta kwenye bolti na kuisimamisha ukutani mtutu juu, na yote yanateremka taratibu mpaka kwenye kifyatulio na kwenye mti. Wewe ikiwa utaisimamisha, mtutu uwe chini juu ya kitambaa.

Umeshaosha, inarudia? Hapo tumtazame mshukiwa wa pili, mti wa kitako. Mti wa bunduki hii umetoka Ulaya, umekauka kule, na wewe unaulaza kwenye umande wa Konde. Mti hunywa maji ukavimba, na nafasi ya kifyatulio iliyochongwa ndani yake ikapungua. Ukuta wa mti ukikigusa kifyatulio au wenzo wa usalama kwa ubavuni, kitarudi kwa uzito au hakitarudi. Dalili yake inafuata mvua zaidi kuliko ubaridi, basi kumbuka kama masika ya mwaka huu ilikusumbua. Jaribio ni jepesi: kijaribu kifyatulio bunduki ikiwa nje ya mti, kisha ndani ya mti na skrubu zimekazwa. Kikiwa kizuri nje na kibaya ndani, umempata. Kujua hasa panapogusa, washa kibatari, shikilia kijiko juu ya moshi upate masizi, yapake kwa kidole kwenye ubavu wa kifyatulio, irudishe bunduki kwenye mti, ivute mara kumi, itoe. Palipogusa mti patakuwa na alama nyeusi. Hapo panasuguliwa kwa msasa laini, kidogo, mpaka alama isitoke, na mti uliosuguliwa upakwe vanishi usinywe tena. Mti unaruhusiwa kuukwangua. Chuma hapana.

Na ndipo tunaporudi kwa fundi wa pikipiki. Sisemi hajui kazi yake. Pikipiki yangu ningempa. Lakini kukata springi na kuiweka hapo ni kubadilisha mizani iliyopimwa kiwandani. Ikiwa kali kupita kiasi inaficha uchafu kwa muda, ikiwa laini inaongeza kile kilichokutokea. Na mara nyingi hawaishii kwenye springi. Wakiona kifyatulio kizito huchukua jiwe la kunolea wakasugua makali ya jino "yawe laini". Ngozi ngumu ya chuma pale juu ni nyembamba sana; ikishatoka, chini yake ni chuma laini kinacholika kila risasi, na ule upana wa ukucha unapungua bila mtu kuuona. Nimewahi kupokea bunduki iliyosuguliwa hivyo. Ilikuwa inavutwa kwa utamu kabisa, mwenyewe anajisifia, na ilipogongwa kitako juu ya tairi ilianguka mara saba katika kumi. Tulimwambia anunue kifyatulio kizima kipya, na yule bwana akanuna mwezi mzima. Wallahi bora alivyonuna.

Vilevile ukiona visikrubu vidogo kwenye kifyatulio vimepakwa rangi au lakiri, usiviguse. Kimoja ni cha uzito, chengine cha upana wa kushikana, na kwa macho vinafanana.

Uzito unaweza kuupima bila kufungua chochote. Azima mzani wa ndoana wa wauza samaki, ule wa kuning'iniza. Bunduki tupu, imekokiwa, mtutu juu na kitako sakafuni, ndoana ivae katikati ya kifyatulio, vuta taratibu kwa mstari mpaka ilie "tak", usome. Fanya mara tano. Bunduki ya kuwindia hukaa kwenye kilo moja na nusu hadi mbili hivi. Zile za kijeshi za zamani, zenye mvuto wa hatua mbili kama Mauser ya mwaka 1898, huwa nzito zaidi. Mimi sitazami namba pekee, natazama kama zinakubaliana. Kilo 1.8, 1.7, 1.8, 1.8, 1.7, hiyo imetulia. Kilo 1.9, 1.1, 2.3, kuna kitu kinakwama au kimelika, na kuosha kukishindwa hapo ni kwa fundi wa silaha. Ikiwa chini ya kilo moja, usiendelee hata na majaribio mengine. Baadhi ya BRNO zina kifyatulio cha kusukuma mbele ili kiwe chepesi mno kabla ya kulenga. Kama chako ni cha namna hiyo na ami yako hakukwambia, usikisukume mbele kamwe kondeni. Kile ni cha mtu aliyekaa juu ya benchi na anayo nafasi.

Usifikiri maradhi haya ni ya bunduki kuukuu peke yake. Mwezi wa nne 2014 kampuni ya Remington ya Marekani iliziita zirudi bunduki zake za Model 700 na Model Seven zenye kifyatulio cha X-Mark Pro, zilizotengenezwa tangu Mei 2006 hadi Aprili 2014, kwa sababu gundi ya kiwandani iliyozidi ndani ya kifyatulio ingeweza kuzifanya zilie zenyewe. Gundi, mwanangu. Tone lililozidi la kitu kinachonata pahala ambapo vyuma viwili vinashikana kwa ukucha. Msomaji mwengine mwenye aina hiyo, ya miaka hiyo, aikague namba yake kabla ya kitu chochote.

Kitu kimoja usikichanganye na hiki. Ikiwa siku moja kifyatulio kinavutika vizuri, sindano inapiga "tak", na risasi hailii, hapo kifyatulio hakina kosa. Itazame fataki: kama kishimo chake ni kifupi, bolti imejaa uchafu ndani au springi nene imechoka, kama ni kirefu, risasi imenyonya unyevu. Na kabla ya kufungua bolti subiri, mtutu umeelekea pasipo na mtu, nusu dakika kwa uchache. Mimi nahesabu dakika nzima, kwa sababu risasi iliyochelewa hulia ghafla, na bolti ikiwa imefunguliwa inamlilia mwenyewe usoni. Kuifungua bolti ndani kunahitaji kifaa na mkono uliozoea. Springi ile ikikuponyoka utaitafuta chumba kizima.

Yakishindikana yote, bunduki iende kwa fundi wa silaha mwenye kibali, na safari yenyewe ianzie polisi pale leseni yako ilipoandikwa. Waeleze hali ya bunduki, pamoja na ile risasi iliyotoka kwenye dungu, wakuambie utaratibu wa kuisafirisha. Usiitie kwenye begi ukapanda nayo boti ya kwenda Unguja au Tanga ukidhani ni mzigo kama mzigo mwengine, na usimwachie mtu mwengine "akuangalizie" hata kwa usiku mmoja. Leseni ni yako wewe, si ya fundi wala ya shemeji.

Pale unapoihifadhi pia patazame. Kama inalala ndani ya ala ya ngozi au kitambaa kinene, itoe leo. Ala ni ya safari. Inanyonya jasho na chumvi na kulikumbatia chuma usiku kucha. Iweke kwenye kabati la kufungwa kwa ufunguo, pakavu, mbali na ukuta wa nje, na ukitoka nayo kondeni alfajiri uifute umande kabla hujaifungia.

Ikifaulu, usiirudishe dunguni siku hiyo hiyo. Ilaze kwenye baridi, uijaribu ikiwa tupu alfajiri tatu mfululizo, yale majaribio yote matatu, na uandike. Baada ya hapo, kwa mwezi mzima chemba ibaki tupu mpaka nguruwe umemuona na nyuma yake pana udongo. Risasi zikae kwenye magazini, bolti uifunge wakati ule. Utapoteza sekunde mbili na pengine nguruwe mmoja. Na ule upande wa msitu wa hifadhi wa Ngezi usipige kuelekea huko hata akikimbilia. Uwindaji wako ni ndani ya shamba lako.

Niandikie tena ukishaosha. Nataka uniambie mafuta uliyokuwa ukitia ni yepi, maji ya kwanza yalitoka rangi gani kwenye ile sahani nyeupe, na mzani wa samaki ulisoma ngapi mara tano.